Hamu ya mkusanyaji visu haitulii

Ukitaka kumjua mkusanyaji wa visu, usimwombe akuonyeshe kisu chake cha bei kubwa. Mwulize ameuza visu gani. Visu alivyoviuza, alivyobadilishana na wenzake na alivyowagawia wapwa zake ndivyo vinavyoeleza alikotoka, na mara nyingi huvitaja kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana akiwa amevaa suruali ya bugaluu.

Uraibu huu una wafuasi wengi zaidi Marekani, Ulaya na Japani kuliko kwetu. Huku kisu kina kazi yake jikoni, buchani au shambani. Kikiisha kinatafutiwa mwenzake, basi. Kule kina majarida yake, madalali wake na maonyesho yake, na moja la makubwa zaidi, Blade Show, hufanyika kila mwaka jijini Atlanta. Humo ndimo unamoweza kumwona mtu aliyekopa fedha ili apate kisu fulani, ambaye miaka kumi baadaye hakitaki hata bure. Kisu hakijabadilika. Aliyebadilika ni yeye.

Wengi huanza na kile chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka 1884, akaanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya askari mwaka 1891, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kile cha maofisa, chenye kizibuo na bapa dogo la pili. Kampuni yake leo ndiyo Victorinox. Mtoto hupewa kisu hicho na babu yake, akachonga vijiti, akamenya machungwa, akakipoteza, akanunuliwa kingine. Hapo bado hakuna mkusanyaji. Ukusanyaji huanza siku anaponunua cha pili ilhali cha kwanza bado kinakata.

Cha pili huita cha tatu. Katika kipindi hiki mtu hana kipimo. Ananunua kinachong'aa, kilichopakwa rangi nyeusi, chenye meno ya msumeno, chenye picha ya tai kwenye mpini, kinachofanana na alichokiona kwenye filamu ya makomando. Ukimwuliza ana visu gani, anakujibu ana visu vingapi. Kwa kuwa kila kimoja ni bei rahisi, haoni fedha zinakokwenda. Chovya chovya humaliza buyu la asali: siku akijumlisha, anakuta angeweza kupata kimoja cha maana na chenji ikabaki.

Viwanda navyo vinamjua. Kampuni ya W.R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, ilianza mwaka 1970 kupiga nukta kumi chini ya chapa yake, pale bapa linapokutana na mpini, kisha kila mwaka ikapunguza nukta moja. Kisu chenye nukta tisa ni cha 1971, chenye nukta moja ni cha 1979. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kioo cha kukuza aliweza kujua umri wa kisu cha mfukoni, na ghafla kisu kimoja kikawa visu kumi. Mpini ule ule wa mfupa, bapa lile lile, ila nukta tofauti, na mkusanyaji hapati usingizi mpaka safu ikamilike. Visu hivyo havikatishwi kitu. Kikinolewa hata mara moja, bei inashuka. Bapa likionekana limeliwa na kinoo, inashuka zaidi. Mimi nakiona kipindi hiki kuwa ndicho kinachosikitisha kuliko vyote, ingawa wapo wanaozeekea humo wakiwa na furaha tele.

Kwa wasiozeekea humo, inayofuata ni homa ya chuma. Mkusanyaji anagundua kwamba chuma cha pua si kitu kimoja. Zipo aina nyingi zenye majina ya herufi na namba, kila moja na mchanganyiko wake wa kaboni, kromiamu na vanadiamu, na kila moja na watetezi wake. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, Idaho, na kusifika kwa kisu chake cha kukunja cha Sebenza, alishirikiana na kiwanda cha Crucible kuleta chuma cha CPM S30V kilichotoka mwaka 2001. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa ndicho chuma cha visu vya hali ya juu. Mwaka 2021 kikaja MagnaCut, kazi ya Larrin Thomas, mtaalamu wa metali ambaye baba yake ni mtengenezaji wa visu. Vyuma hivi vyote viwili hutengenezwa kwa unga wa metali ulioshindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, ili chembe zake ngumu zibaki ndogo na zisambae sawasawa.

Mtu mwenye homa hii huzungumza kwa namba. Kisu chekundu cha Uswisi kina ugumu wa takriban 56 kwenye kipimo cha Rockwell. Cha MagnaCut hufikishwa 62 au zaidi. Basi kile cha 56 anakiona takataka. Anasahau kwamba ugumu una gharama yake: chuma kikiwa kigumu sana huelekea kumeguka kwenye makali badala ya kupinda, na siku kikiwa butu kunoa kwake ni adhabu. Kile cha 56 unakipitisha kwenye jiwe lolote, dakika chache unarudi kazini, na ndiyo maana jeshi halikukitupa.

Kinachomponya ni nyanya. Anachukua kisu chake cha dola mia kadhaa, chenye bapa nene la kijeshi, anajaribu kukata nyanya iliyoiva, nayo inapasuka. Kisha anajaribu Opinel ya Kifaransa, kisu cha mpini wa mti ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza Savoie mwaka 1890, na ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya hicho kingine. Nyanya inatoka vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Siri yake ni wembamba wa bapa. Chuma kinaamua makali yatadumu muda gani, lakini umbo la bapa ndilo linaloamua kama kisu kitapita au kitakwama. Jambo hili kila mama ntilie analijua bila kuhudhuria maonyesho yoyote.

Hapo ndipo mkusanyaji anapojifunza kunoa, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapostahili kuitwa mjuzi wa visu. Kabla ya hapo alikuwa mnunuzi tu. Kunoa kunamlazimisha akitazame kisu kwa macho ya fundi. Anajifunza kushika pembe moja, nyuzi 15 hadi 20 kila upande, bila kuyumba. Anajifunza kuutafuta ule ukingo mwembamba wa chuma unaokunjamana kuelekea upande wa pili, ambao macho hayauoni vizuri lakini kidole gumba kinausikia, na ambao ndio ushahidi kwamba jiwe limefika kwenye makali kabisa. Anajifunza kuuondoa kwa kupitisha kisu taratibu kwenye ngozi. Anaharibu visu viwili vitatu. Akishamaliza mafunzo hayo, nusu ya sanduku lake inamchosha: vile vizuri kwa picha lakini vibovu mkononi, vile ambavyo fundi wake alisaga bapa bila kufikiri. Mauzo makubwa ya kwanza hutokea hapa.

Pia tabia zake ndogondogo hubadilika. Zamani alivihifadhi visu ndani ya ala za ngozi kwa sababu vilipendeza hivyo. Sasa anajua kwamba ngozi hufyonza unyevu na kemikali za kuitengenezea hula shaba na chuma, basi kisu hulala huku na ala kule. Anajua kwamba mipini ya zamani ya seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke unaovitia kutu visu vya jirani, hivyo anaitenga. Haondoi tena ule weusi wa uzee kwenye chuma cha kaboni, kwa sababu ameelewa kwamba kutu nyekundu hula na weusi huo hulinda. Na ana daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kisu kisichojulikana kilikotoka ni kipande cha chuma tu.

Neno kilikotoka ndilo linalofungua mlango unaofuata, wa watu. Robert Loveless alikuwa baharia wa meli za biashara mwaka 1953 alipoingia duka la Abercrombie & Fitch jijini New York kutafuta kisu cha Randall, kilichotengenezwa Orlando, Florida. Akaambiwa foleni ni ya miezi. Hakusubiri. Alipata springi ya gari kuukuu aina ya Packard kwenye lundo la vyuma chakavu, akajitengenezea chake. Muda si mrefu duka lile lile likawa linauza visu vyake. Alipofariki mwaka 2010, umbo la kisu chake cha kuwindia, ambacho mgongo wake unateremka taratibu hadi nchani, lilikuwa limeigwa na mafundi wa dunia nzima, na visu vilivyopita mikononi mwake viliuzwa kwa maelfu ya dola.

Mhunzi wa Afrika Mashariki akisoma kisa hicho atatabasamu. Springi ya lori ndiyo malighafi yake ya kila siku: humo hutoka sime, kisu cha mchinjaji, shoka na jembe. Wahunzi wa Marekani nao wanaipenda aina hiyo ya chuma, kwa sababu ni kigumu kiasi na hakivunjiki ovyo. Chama chao, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976 na William Moran, kina mtihani ambao ningependa kuuona siku moja ukifanyiwa Arusha au Kisii: kisu kikate kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia, kikate ubao kabisa mara mbili, baada ya hapo bado kinyoe nywele za mkono, kisha bapa lake libanwe na kukunjwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Moran huyo ndiye aliyewaonyesha wenzake mwaka 1973 visu vya chuma cha Dameski alivyovifua kwa kukunja tabaka za vyuma tofauti, ufundi ambao mafundi wa Marekani karibu hawakuwa nao tena.

Mkusanyaji aliyefika hapa hanunui tena kisu, ananunua mkono wa mtu. Anasubiri miaka kwenye orodha ya fundi mmoja. Anampigia simu, anajua magonjwa yake, anajua ni mwaka gani alibadilisha tanuri. Visu vyake vinapungua na bei inapanda.

Halafu, kwa baadhi, hamu inarudi nyuma kwenye vya kale, na huko mambo si mepesi. Chukua jambia. Oman imeliweka kwenye bendera yake, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi usioshikika. Kuna la Nizwa, kuna la Sur, na kuna lile linaloitwa Saidi, la ukoo wa watawala, ambalo umbo la mpini wake inasimuliwa kuwa lilibuniwa na Shehrazad, mke wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja. Kwa hiyo mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu aliye na jambia la babu yake kwenye kasha hana kitu kigeni. Ana kipande cha historia ya pwani yenyewe. Fedha iliyosokotwa kwenye ala ni kazi ya sonara, bapa ni la mhunzi, mshipi ni wa mtu mwingine kabisa.

Anayeanza hutazama bapa. Anayejua hutazama mpini, na mpini ndio wenye kisa kichungu. Huko Yemen jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru lilikuwa heshima ya wachache mpaka miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na Wayemeni wengi wakaenda kufanya kazi Saudi Arabia. Vijana walirudi na fedha, kila mmoja akataka jambia la mzee. Pembe zilitoka kwetu. Vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walibaki kama 2,400. Waganga wa Asia walichangia sehemu yao, lakini masonara wa Sanaa walikuwa miongoni mwa wateja wakubwa. Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi, alikwenda Yemen mara kwa mara kuhesabu pembe kwenye vibanda vyao na kuwashawishi watumie pembe za nyati wa maji. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe za kifaru mwaka 1982, ingawa biashara iliendelea kwa magendo. Martin mwenyewe aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018.

Mkusanyaji akishajua hayo, hatazami tena mpini wa kale kwa macho yale yale. Ule mng'ao wa manjano unaokuja na miaka, ambao zamani ulimfanya apandishe dau, sasa unamfanya aulize karatasi. Chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, hawezi kuuvusha mpaka hivi hivi, na wengi wameacha kununua chochote chenye pembe ya kifaru au ya ndovu, kiwe cha kale kiasi gani. Nafikiri wamefanya vyema. Mpini wa mfupa wa ng'ombe haujampunguzia mtu yeyote heshima.

Kongo nayo inawafundisha wakusanyaji kitu ambacho namba za Rockwell haziwezi. Emil Torday, Mhungaria aliyekusanya vitu kwa ajili ya British Museum, alifika kwa Wakuba katika safari yake ya 1907 hadi 1909. Akasimuliwa habari za mfalme Shyaam wa karne ya 17, aliyepiga marufuku shongo, kisu cha kurusha cha vita, na badala yake akawapa wanaume ikul, kisu cha amani chenye bapa pana la umbo la jani. Baadhi ya ikul ni za mti mtupu, hazina hata chembe ya chuma. Kwa mtu aliye katika homa ya chuma, hicho si kisu. Kwa aliyekwisha kuivuka homa hiyo, ni kisu ambacho angetoa sanduku zima akipate.

Sheria nazo huusukuma uraibu huu huku na kule. Uingereza inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa sababu endapo bapa halizidi inchi tatu na halina kufuli, kwa hiyo wengi huko wanavipenda visu vidogo vya mtindo wa mababu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, viwanja vingi vya ndege vilikataza kisu mfukoni, na wasafiri waliokuwa wakinunua kisu kila nchi waliyofika ilibidi wakipakie kwenye mzigo au waache mchezo.

Wengine huishia jikoni, na familia zao hushukuru. Mume aliyekuwa akificha bahasha za posta sasa analeta kisu cha mboga kutoka Sakai, karibu na Osaka, mji ambako kwa desturi fundi mmoja hufua, mwingine husaga makali, na wa tatu huweka mpini. Anakata vitunguu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza mkewe anaona faida ya uraibu huu.

Mwisho wa njia, kwa wanaofika, huwa ni kugawa. George Cameron Stone, injinia wa madini wa Marekani, alikusanya silaha za dunia nzima, visu vikiwamo, na baada ya miaka mingi akagundua kwamba hakuna kitabu kinachomweleza alichonacho. Akakiandika mwenyewe. Kamusi yake kubwa ya silaha ilitoka mwaka 1934. Mwaka uliofuata akafariki, na mkusanyiko wake ukaenda Metropolitan Museum, New York. Silaha ziko makumbusho, lakini kitabu chake wasomaji wanakifungua hadi leo.

Kwetu, vitu hivi bado viko majumbani: sime ya babu, kotama ya mgema, jambia la harusi, panga lenye chapa ya mamba lililoisha kwa kunolewa. Wanunuzi wa kigeni wanavijua na huvichukua kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mwenye navyo hana la kueleza. Kama unacho kimoja, usikisugue kwa msasa. Kipake mafuta ya cherehani kidogo, kitoe kwenye ala ya ngozi, ukiweke pakavu. Kisha chukua karatasi uandike nani alikifua, kijiji gani, kilichinja nini, kilirithiwa na nani. Na kama katika ukoo wenu kuna mzee anayelijua jina la mhunzi, mpigie simu wiki hii.